Kujalidi Majarida: Historia Fupi na Maana Yake kwa Wachunguzi wa Kiswahili

Utangulizi

Mchunguzi wa lugha anapoomba maktabani gazeti la Mambo Leo la mwaka fulani, au taarifa za Kamati ya Lugha za miaka ya 1930, mara nyingi haletewi gazeti wala taarifa. Huletewa kitabu: juzuu nene yenye jalada gumu, jina limepigwa chapa mgongoni, na ndani yake matoleo ya mwaka mzima yameunganishwa kana kwamba yalizaliwa pamoja. Aghalabu hajiulizi ni nani aliyeyaunganisha, kwa njia gani, na ni kitu gani kilichoachwa nje siku ile. Huanza mara moja kusoma, kunakili na kufasiri.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uamuzi ule wa mkutubi na fundi wake haukuwa jambo la ufundi mtupu. Kila mtindo wa kujalidi huhifadhi kitu kimoja na kukihatarisha kingine. Na katika lugha kama Kiswahili, ambayo huibeba nafsi, wakati na ukanushi katika viambishi vya mwanzo wa neno, na dhamira katika irabu ya mwisho, kile kinachomezwa na mshono chaweza kuwa ndicho hasa kinachotafutwa. Itafuatwa kwanza historia ya ufundi wenyewe, kisha itaangaliwa athari yake katika matini za Kiswahili, na mwishoni yatapendekezwa machache kuhusu uchaguzi ulio bora.

Maneno Yenyewe

Istilahi za kazi hii zilikuwapo pwani kabla ya magazeti, nazo zina mafunzo yake. Jalada latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ngozi. Ni shina lile lile lililotupa mjeledi. Kujalidi kitabu, basi, kwa asili ni kukivika ngozi. Ukurasa, ambao leo ni upande mmoja wa karatasi, watokana na neno la Kiarabu lililotaja karatasi kadhaa zilizokunjwa pamoja na kushonwa katika mkunjo wao. Juzuu ni sehemu ya kitu kikubwa zaidi: Kurani hugawanywa katika juzuu 30, na mtoto wa chuoni huanza na juzuu amma, iliyotengwa na kushonwa peke yake, huku akijua kwamba ni sehemu tu ya msahafu. Jarida la kitaalamu lilipoanza kuitwa kwa juzuu na toleo, neno hilo lilifaa kabisa, kwa kuwa jarida nalo ni kitu ambacho hakijaisha; kila juzuu yake ni kipande kinachongoja wenziwe.

Katika maneno hayo matatu mna kanuni zote za ufundi wa kale: karatasi hukunjwa, uzi hupita ndani ya mkunjo, na ngozi hufunika. Wajalidi wa nchi za Kiislamu walifuata kanuni hizo, wakaongeza ulimi wa ngozi uliokunjwa kuifunika ncha ya mbele ya kurasa. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palijulikana katika karne ya 18 na ya 19 kwa kunakili misahafu na kwa kazi ya ngozi. Msahafu ulioshonwa kwa njia hiyo hufunguka ukalala juu ya marufaa bila kushikiliwa, na maandishi yote, hata yale yaliyo karibu na mshono, huonekana. Jambo hili la kufunguka ndilo litakalorejewa mara kwa mara katika makala haya.

Ngozi na Kuharibika Kwake

Maktaba za Ulaya za karne ya 19 zilipokabiliwa na wingi wa majarida, ziliendelea kuyavika ngozi. Lakini ngozi ya zama za viwanda haikuwa ngozi ya zamani. Ilitengenezwa kwa haraka, ikatiwa rangi kwa msaada wa asidi ya salfa, kisha ikawekwa katika vyumba vilivyowashwa taa za gesi. Migongo ya vitabu ikaanza kugeuka unga mwekundu ulioshika mikononi mwa wasomaji. Mwaka 1900 chama kilichoitwa Society of Arts cha London kiliunda kamati ya kuchunguza jambo hilo, na taarifa yake ya mwaka 1901 ilithibitisha kwamba ngozi nyingi za karne ile zilikuwa dhaifu kuliko zile za karne zilizotangulia. Mwaka huo huo Douglas Cockerell alichapisha kitabu chake maarufu juu ya ufundi wa kujalidi, akiutetea ushonaji wa kale na ngozi iliyotengenezwa kwa uangalifu.

Hata hivyo maktaba za umma hazikuwa na fedha za kuufuata ushauri wa Cockerell kwa kila gazeti la mwezi. Badala ya ngozi zikachukua kitambaa kizito kiitwacho bakramu, ambacho kwanza kilijazwa wanga ili kisimame na kupokea chapa. Huko Ulaya kitambaa hicho kilikuwa nafuu kubwa. Katika nchi za joto kilileta balaa la aina yake, kwa maana wanga ni chakula cha mende na wadudu wengine. Wilfred Plumbe, katika kitabu chake cha mwaka 1964 juu ya kuhifadhi vitabu katika nchi za tropiki, alilishughulikia tatizo la wadudu na ukungu kwa urefu. Bakramu zilizotengenezwa baadaye zilitiwa kemikali badala ya wanga mtupu, zikavumilia zaidi. Fundisho la sura hii ya historia ni kwamba mtindo uliofaulu mahali pamoja haukubaliki mahali pengine bila kupimwa upya.

Uzi wa Pembeni

Badiliko kubwa zaidi halikuwa la vazi la nje, bali la mshono. Cedric Chivers wa mji wa Bath, Uingereza, aliueneza mtindo wa kushona pembeni, na mwanzoni mwa karne ya 20 akaupeleka Marekani. Katika mtindo huu mikunjo ya karatasi hukatwa mgongoni, kurasa zikabaki moja moja. Kisha hupangwa katika vitita vyembamba, na uzi ukapitishwa kimshazari katika pambizo ya ndani, kitita kikaungwa na kitita. Kazi hiyo ilifanywa kwa mkono mpaka W. Elmo Reavis wa Los Angeles alipobuni mashine iliyoanza kuenea katika miaka ya 1920. Mwaka 1934 chama cha wakutubi wa Marekani kilitoa viwango vya ujalidi wa maktaba, na mwaka uliofuata wenye karakana wakaunda taasisi yao. Kwa nusu karne kushona pembeni ndiko kulikohesabiwa kuwa ujalidi wa maktaba hasa.

Sababu za kupendwa kwake zaeleweka. Majarida huja na kila namna ya muungano: mengine yameshonwa, mengine yamebanwa kwa pini za chuma, mengine yamegundishwa tu. Mashine haikujali tofauti hizo. Ilikata migongo yote na kuitia yote katika mshono mmoja wenye nguvu. Juzuu iliyotoka humo iliweza kuangushwa, kuazimwa na kupita mikono mia bila kuachia ukurasa. Mkutubi aliyepimwa kwa idadi ya juzuu zilizobaki nzima rafuni alikuwa na haki ya kuridhika.

Lakini bei yake ililipwa pambizoni. Kwanza mgongo hukatwa milimita kadhaa. Kisha mshono wenyewe huchukua sehemu nyingine ya pambizo iliyobaki. Juzuu haikubali tena kulala wazi, bali hujifunga kama mtego. Msomaji huilazimisha kwa kiganja. Mwenye kutaka nakala huikandamiza juu ya kioo cha mashine, na karatasi kuukuu hukatika pale pale uzi unapoishia. Tena, kazi hii haitenguliki. Mkunjo uliokwisha katwa hauwezi kurudishwa, na kila mara juzuu inapojalidiwa upya pambizo huzidi kupungua.

Karatasi na Gundi

Wakati mshono ulipokuwa ukiongezewa nguvu, karatasi ilikuwa ikidhoofika. Tangu Moritz Illig alipotangaza mwaka 1807 njia ya kutia karatasi utomvu na shabu ili wino usitawanyike, asidi ilikuwa imeingia katika karatasi yenyewe. Na massa ya mbao ya nusu ya pili ya karne hiyo yaliongeza udhaifu. Mwaka 1959 William Barrow alitangaza matokeo ya kupima vitabu 500 vilivyochapishwa Marekani kati ya 1900 na 1949, akaonyesha kwamba sehemu kubwa mno isingefaa kusomwa katika karne iliyofuata. Magazeti, yaliyopigwa chapa katika karatasi iliyo rahisi kuliko zote, yalikuwa katika hali mbaya zaidi. Mshono imara katika karatasi dhaifu hufanya kazi ya msumeno.

Ndipo wahifadhi walipogeukia mawazo mawili. La kwanza lilikuwa kurejea mkunjo: pale mikunjo ya asili ingalipo, ishonwe kupitia mkunjoni kama zamani, bila kukata kitu. La pili lilitokana na kazi ya Emil Lumbeck wa Ujerumani, ambaye katika miaka ya 1930 alitumia gundi mpya isiyokatika inapokauka. Kurasa moja moja hupepewa upande huu na upande huu, kila ukurasa ukapata ukingo mwembamba wa gundi, na juzuu ikafunguka karibu sawasawa. Katika miaka ya 1980 mitindo hii miwili ilizidi kuchukua nafasi ya kushona pembeni, na kiwango cha Marekani cha mwaka 2000 kiliiweka yote mitatu kuwa njia za kuchaguliwa kulingana na hali ya jarida lenyewe. Neno la kushika hapo ni kuchaguliwa. Baada ya karne nzima ya kutafuta mtindo mmoja wa majarida yote, ufundi ulikubali kwamba kila jarida lina mahitaji yake.

Kilichomo Pambizoni

Historia hiyo ni ya Ulaya na Marekani, lakini mitindo yake ilizifikia maktaba za Afrika Mashariki pamoja na vifaa na mafunzo ya ukutubi. Yafaa sasa kuuliza mitindo hiyo yaweza kufanya nini kwa matini ya Kiswahili.

Katika kitabu kilichofunguliwa, pambizo ya ndani ya ukurasa wa kulia iko mwanzoni mwa mistari, na ile ya ukurasa wa kushoto iko mwishoni mwake. Mshono unapokula pambizo mpaka kufikia maandishi, ukurasa wa kulia hupoteza mianzo na wa kushoto hupoteza miisho. Kiingereza kikipoteza herufi mbili tatu mwanzoni mwa mstari, msomaji huweza mara nyingi kulikisia neno kwa shina lake. Katika Kiswahili shina hubaki, lakini kinachotoweka ni sarufi. Uchukuliwe mfano wa mstari unaoanza na kitenzi alikuja. Herufi tatu zikimezwa hubaki kuja, neno kamili lisilo na dalili ya jeraha. Hawakusoma likipoteza herufi nne huwa kusoma. Kukana kumegeuka jina la tendo, na mwenye kunakili aweza kupita bila kushuku chochote. Hasara inayoonekana ni afadhali, kwa kuwa msomaji hujihadhari nayo, hii hujificha.

Upande wa kushoto irabu ya mwisho ndiyo iliyo hatarini. Asome na asoma hutofautiana kwa irabu hiyo tu. Ya kwanza ni matakwa, ya pili ni habari. Hali kadhalika tofauti ya waseme na wasema. Na kwa kuwa wapiga chapa hulazimika kuyakata maneno marefu mwishoni mwa mstari, hutokea kiambishi kikabaki kushoto na shina likaanza mstari wa chini. Kiambishi hicho kikimezwa, shina hubaki yatima.

Mashairi nayo yana hali ya pekee. Ubeti wa tarbia wenye mizani kumi na sita kwa kila mshororo humpa mhariri ushahidi wa kutosha kujua kwamba kitu kimepotea: akihesabu mizani kumi na nne, ajua mbili zimo ndani ya mshono. Lakini vina vya mwisho hupangwa katika safu moja kutoka juu hata chini, na kwa sababu hiyo vyote hupotea kwa pamoja. Kina kimoja kisingeweza kumshuhudia mwenziwe. Nathari haina hata mizani ya kulalamika kwa niaba yake.

Mambo haya yangekuwa madogo kama magazeti yangekuwa njia ya kando tu ya historia ya Kiswahili, nayo sivyo. Msimulizi lilianza kutolewa Kiungani, Unguja, mwaka 1888. Mambo Leo lilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya Tanganyika, likafungua kurasa zake kwa barua na mashairi ya wasomaji. Shaaban Robert ni miongoni mwa waliochapisha humo. Miaka yake ya kwanza ndiyo miaka ya mkutano wa Dar es Salaam wa 1925 na wa Mombasa wa 1928, ambao ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na ya kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930. Anayetaka kujua jinsi tahajia na maumbo ya maneno yalivyokuwa yakitulia katika miaka hiyo hana budi kuyachungua herufi kwa herufi. Kwake yeye, milimita tatu za pambizo ni ushahidi.

Magamba, Matangazo na Majina

Mshono si mwizi wa pekee. Ilikuwa desturi ya maktaba nyingi, tangu karne ya 19, kuyatoa magamba ya karatasi na kurasa za matangazo ya biashara kabla ya kujalidi, kwa hoja kwamba hayo si elimu na kwamba yanaongeza unene. Watafiti wa majarida ya Uingereza ya zama za Malkia Victoria wamelalamikia desturi hiyo kwa muda mrefu. Mtafiti wa Kiswahili ana sababu kubwa zaidi ya kulalamika. Maneno ya bidhaa mpya hayaingii lugha kupitia makala ya mhariri. Huingia dukani, na kutoka dukani hupita katika tangazo. Gamba nalo huwa na tarehe, bei, jina la mpiga chapa na mahali pa kuuzia. Likitupwa, toleo hubaki bila cheti chake cha kuzaliwa.

Jina linalopigwa mgongoni nalo ni uamuzi. Kamati ya Lugha ilianza kutoa taarifa zake mwaka 1930. Makao yake yalihamia Nairobi mwaka 1942, Makerere mwaka 1952, kisha Mombasa, kabla ya kurejea Dar es Salaam na kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964. Nayo Taasisi hiyo iliingia katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili mwaka 2009. Chapisho lake lilibadili jina njiani: katika miaka ya 1960 liliitwa Swahili, na tangu mwanzo wa miaka ya 1970 likaitwa Kiswahili. Je, juzuu za zamani zipigwe jina la sasa ili rafu ionekane moja, au kila juzuu ibaki na jina la siku zake? Kanuni za Marekani za kuorodhesha vitabu za mwaka 1949 zilipendelea jina la mwisho. Zile za 1967 zikageuka na kufuata kila jina kwa zamu yake. Rafu ya jina moja humsaidia mtafutaji, lakini humfichia kwamba kutoka Swahili hadi Kiswahili palikuwa na badiliko la fikra, la lugha kuitwa kama wenyewe waiitavyo. Mgongo wa juzuu hapo ni sentensi ya historia.

Mwisho ni suala la matoleo yaliyokosekana. Malenga wa magazetini hujibizana. Fumbo lililotolewa mwezi huu hufumbuliwa miezi miwili mitatu baadaye. Juzuu iliyojalidiwa huku toleo moja halipo, na mgongoni pakaandikwa mwaka tu, hudai ukamilifu isio nao. Msomaji huliona jibu asilione swali, akadhani mshairi alijisemea peke yake.

Uchaguzi

Kutokana na hayo yote yaweza kutolewa kanuni chache. Jarida lenye mikunjo yake lishonwe mkunjoni, lisikatwe. Lenye kurasa moja moja na pambizo finyu litiwe gundi ya kupepewa. Kushona pembeni kuachiwe yale tu yenye pambizo pana, karatasi imara na matumizi mazito. Pini za chuma zitolewe kwanza, kwa kuwa katika unyevu wa pwani hushika kutu na kuila karatasi. Karatasi iliyokwisha kuwa kavu, ambayo kona yake hukatika ikikunjwa mara chache mbele na nyuma, isijalidiwe kamwe. Iwekwe katika sanduku la karatasi ngumu isiyo na asidi, matoleo yakiwa huru kama yalivyotoka. Magamba na matangazo yabaki mahali pake. Jina la mgongoni liwe lile lililochapishwa, na toleo lisilokuwapo litajwe wazi. Zaidi ya yote, pakiwa na shaka, uchaguliwe mtindo unaoweza kutenguliwa.

Huenda ikasemwa kwamba picha za kielektroni zimeuondoa umuhimu wa mambo haya. Kinyume chake ndicho kweli. Mashine ya kupiga picha haioni zaidi ya jicho. Kilichomo ndani ya mshono hutoka katika picha kama kivuli cheusi, na programu ya kusoma herufi hukipita kimya au hubuni neno lingine. Kosa lililokuwa katika nakala moja ya rafuni huenezwa kwa wasomaji wa dunia nzima, huku juzuu yenyewe ikihesabiwa kuwa imekwisha hifadhiwa.

Hitimisho

Sheria ya Vitabu na Magazeti ya Kenya ya mwaka 1960 iliwataka wachapishaji wawasilishe nakala za kazi zao. Sheria ya namna hiyo huweza kulileta gazeti mpaka mlangoni; haisemi litavikwa nini baada ya kuingia. Uamuzi huo umeachwa mikononi mwa mkutubi, mara nyingi mwenye fedha kidogo na karakana moja, na walimu wa lugha hawakuzoea kuulizwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Magazeti ndiyo daftari la Kiswahili cha karne moja na zaidi, na daftari lililoshonwa vibaya laweza kuipoteza mali huku likiwa limesimama rafuni, imara, mgongo wake unang'aa. Inafaa basi idara za lugha ziketi pamoja na wakutubi kabla ya juzuu inayofuata kupelekwa kwa fundi, zikiwa na orodha ya majarida yake na hali ya pambizo za kila moja. Mkunjo ukishakatwa, mashauri yamechelewa.